Nilivyoamua Ngumi za Hoki Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu naisimulia mwenyewe, kwa sababu kanisa zima limeshaisimulia vibaya.

Miaka hiyo, elfu mbili na kidogo, nilikuwa naishi Handsworth, mtaa wa Birmingham, namchumbia Furaha, binti wa Papa Bahati, mzee wa kanisa aliyekuja na familia yake kutoka Bukavu. Mzee hakunipa zaidi ya salamu (Mkenya, tena wa Nakuru, tena mpakia mizigo, mnaelewa). Siku moja baada ya ibada akaniuliza napenda nini, nami badala ya kusema ugali na usingizi, ambao ndio ukweli, nikajibu, “Hoki, Papa. Shuleni nilikuwa fundi.” Akasema basi nimpeleke.

Nikamkimbilia Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu tuliyefanya naye kazi ghalani, anayenishinda Kiswahili, nikamwomba atutafutie tiketi za hoki. Hakuuliza hoki gani, nami sikuuliza, maana niliyoijua mimi ni ya kwenye nyasi, na nani mwenye akili timamu angeipeleka kwenye barafu?

Jumamosi tukafika watatu, mimi na suti na viatu vya ngozi vinavyong'aa, Harjit akatuketisha chini kabisa, kando ya kimlango cha kuingilia uwanjani. Papa Bahati akaitazama ile barafu, kisha akanitazama mimi.

“Njo hii ulikuwa unacheza Nakuru?”

“Inafanana, Papa,” nikasema (Mungu anisamehe), nikamhakikishia ni mchezo wa kiungwana kabisa, kwa sababu nilijua mzee alikimbia vita na hapendi hata watoto wakisukumana.

Haukupita muda, jitu la wapinzani likambamiza ukutani mfungaji wetu mdogo. Jitu la kwetu likatupa fimbo, likavua glavu, wakakamatana jezi, ngumi zikaanza kunyesha. Na watu? Wamesimama wanashangilia, bibi mmoja nyuma yetu akielekeza pa kupiga! Waamuzi nao wamesimama kando kama wageni wa harusi wanaosubiri pilau.

“Tulia, bwana,” Harjit akaniambia. “Yule kazi yake ndiyo hiyo. Kadogo ketu kamegongwa, asipojibu watakagonga mpaka mwisho. Mmoja akianguka waamuzi watawaachanisha, watakwenda kukaa kibandani dakika tano, yameisha.”

Yaani ngumi ndizo zinazolinda amani. Nikajua Harjit karogwa. Nikamgeukia Papa Bahati, nikamwona amesimama, mikono inamtetemeka, nikasema moyoni, huyu anakumbuka ya kwao, na posa yangu ndiyo inakwenda hivyo. Nikainua komeo la kile kimlango.

Hatua ya kwanza niliipiga mimi, zilizobaki zilipigwa na barafu. Nikaserereka kwa makalio, tai imehamia begani, napiga kelele “Acheni! Ninyi ni ndugu!” (kwa Kiswahili, Birmingham), nikamzoa mwamuzi mmoja miguu, tukafika naye pamoja katikati ya ugomvi. Wale majitu wakaachana, wakashangaa. Mmoja, damu inamtoka puani, akainama kuniuliza kwa upole kama nimeumia, kisha wakanishika kila mmoja kwapa lake wakanibeba hadi mlangoni. Kwa hiyo kupatanisha nilipatanisha, msininyime haki yangu.

Uwanja mzima ukanizomea. Nimewaharibia ngumi zao! Walinzi wakaja kunitoa nje.

“Papa, twende,” nikamwita.

Hata hakugeuka. “Enda tu. Mimi na Harjit tunaangalia.”

Kumbe ule mtetemeko ulikuwa raha.

Nikawasubiri nje kwenye baridi, suruali imelowa nyuma, hadi mechi ikaisha. Papa Bahati akatoka na skafu ya timu shingoni, sauti imemkauka.

“Banapigana muzuri,” akasema. “Mtu moja na mtu moja, hakuna bunduki, arbitre na filimbi yake anaangalia, na ikiisha banapeana mikono. Sasa weye ulienda fanya nini pale?”

“Kuamua, Papa.”

“Nani alikutuma?”

Furaha nilimuoa, ndiyo (mzee alisema moyo ninao, kichwa ndicho cha kuchungwa), lakini hoki mzee huenda na Harjit, na mimi sijaalikwa tena. Nimeapa: nikikuta watu wanapigana huku wengine wanashangilia, nitakaa kitini, nitafumba mdomo, na milango ya watu nitaiacha ilivyofungwa.