Mzazi Asiyetaka Kusikika

Nilikuwa mkunga katika kituo cha afya pembeni mwa Makambako, karibu na barabara kuu. Halmashauri ilikuwa imetuagiza kwamba mgonjwa ahudumiwe kwanza, asiulizwe uraia wake. Nililipenda agizo lile, ila halikusema tujibu nini watu wa uhamiaji wakija kuuliza.

Asubuhi moja ya baridi kali, mpakiaji wa viazi, mtu wa Manda kule ziwani, alimleta mkewe akiwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Kila nilipomuuliza mke jambo, mume ndiye aliyejibu. Uchungu ulipopanda, neno likamponyoka yule mama: "Mayo ine!" Kisha akajiziba mdomo kwa kitenge. Kilikuwa Kinyanja, kilio cha kumwita mama. Nikaelewa kwamba ametoka ng'ambo ya ziwa, na kwamba hana karatasi.

"Lia tu, mdogo wangu," nilimwambia. "Hapa hakuna wa kukukataza."

Akatikisa kichwa.

Haukupita muda, gari la uhamiaji likaingia uani. Walikuwa wakiwatafuta watu walioruka kutoka kwenye lori kule barabarani. Ofisa mmoja akaja hadi mlango wa leba. Nilitoka na glavu mikononi.

"Sista, humo ndani kuna mgeni?"

"Kuna mzazi, afande."

"Nimeuliza kama kuna mgeni."

"Na mimi nimekujibu. Kuna mzazi, na mtoto anakaribia kutoka."

Alinikazia macho. Niliwaza kazi yangu, nikawaza wanangu. Anayemficha mhamiaji naye hufungwa, hilo nililijua vizuri. Nikarudi ndani bila kuaga.

Yule dada alikuwa anasukuma bila sauti, meno yameuma kitenge, kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Mtoto alikuwa wa kike. Akalia kwa nguvu, na mama yake akanyoosha mkono ili amzibe mdomo. Niliuwahi ule mkono.

Damu nyingi ikamtoka mama. Tulipoidhibiti, nje ya dirisha ofisa, aliyekwisha kumhoji mume, na mganga mfawidhi wa kituo walikuwa wanakubaliana: abaki mpaka aruhusiwe, halafu aripoti ofisini kwao. Mama naye alisikia.

"Nesi, nikikaa watanichukua?"

Nikisema hapana, angetulia apone, kisha angekamatwa akiwa ameniamini. Nikisema ndiyo, angetoroka na damu ingemmaliza njiani. Nilikaa kitandani pake.

"Watakuita," nilisema. "Lakini ukiondoka leo, utakufa."

Akafumba macho. Alibaki.

Aliporuhusiwa, alikwenda ofisini na mumewe, mtoto mgongoni. Walisumbuliwa, wakarudishwa Manda kutafuta ushahidi wa ndoa, wakaitwa tena. Mwishowe alipata kibali cha kuishi kwa mumewe.

Lakini habari iliyosambaa kwenye mashamba ya viazi, kuelekea Njombe, haikuwa ya kibali. Ilikuwa ya gari uani. Wanawake wa ng'ambo wakaacha kuja kliniki. Sasa mimi ndiye ninayewafuata mashambani, na sijui kama mguu wangu unawasaidia au unawaonyesha walipo. Nikikaribia vibanda nasikia watoto wakinyamazishwa. Nabisha, najitambulisha kwa sauti ya chini. Wapo wanaofungua. Wengine nawasikia wakipumua nyuma ya mlango, nami nasimama pale, nikiogopa kubisha tena na nikiogopa kuondoka.