Usingizi wa Mchana wa Nasike

Nasike ni jirani yangu hapa mtaani Jericho, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Anafanya kazi katika kiwanda cha mikate huko Industrial Area, akifunga mikate ikitoka kwenye oveni. Zamani alikuwa na ngozi ya kuonea wivu. Akina mama walimwuliza anapaka nini, naye alisema anapaka mafuta yaleyale ya mtoto wake Winny. Mimi sikumwamini, na hadi leo nina shaka.

Alipohamishiwa zamu ya usiku akaanza kuharibika. Kwanza alivimba chini ya macho, kisha uso ukapauka kama mtu aliyemwagiwa unga. Halafu ngozi ya vidole ikaanza kubanduka, na ukurutu ukamzunguka mdomo. Alijikata kidogo akikata mboga za sukuma, jeraha ambalo wewe na mimi tungelisahau kesho yake, likakaa wazi wiki nenda wiki rudi.

Muuguzi wa zahanati alimtazama mikono, wala hakuuliza habari za sabuni.

"Mchana unalala?"

"Nalala."

"Unalala ama unajinyoosha tu?"

Nasike akapiga mwayo. Muuguzi akamweleza kwamba ngozi hujitengeneza mtu akiwa usingizini. Asipolala inakauka, inawasha, na jeraha linakawia kufunga. Akampa dawa ya kupaka, akamwambia asipolala asirudi kumlaumu.

Phares, msimamizi wake kiwandani, naye alisema yake. Mtu anayebanduka hawezi kushika mkate. Wakaguzi wa afya walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, na wakimkuta vile, kazi imeisha. Nasike hana mume wala ndugu hapa mjini. Mshahara huo ndio chakula cha Winny na karo yake.

Basi alale tu, utasema. Angelala, kama si sisi. Akina mama wa kanisa letu, wengi wetu tuliotoka magharibi mwa nchi, tukiona uso wa mtu umebadilika tunaenda kumwona. Tunaenda mchana, tunapokezana, ili mgonjwa asikae peke yake. Tunabeba sukari na maziwa, kisha mgonjwa mwenyewe ndiye anapika chai. Akikutwa amelala anaamshwa, ili ajue kwamba ameonwa. Sijui ni nani alianzisha hilo, lakini ningempata ningemvuta masikio.

Kiongozi wetu ni Roseline, ambaye tunamwita Mama Opicho, mama mwenye moyo safi na mkono mzito wa kubisha mlango.

"Amka, mama. Tumekuja kukuona."

"Karibuni," Nasike anajibu, mikunjo ya shuka imemchora mashavuni.

"Huo uso bado. Tutazidisha maombi."

Wakazidisha. Kadiri walivyokuja ndivyo alivyoharibika, na kadiri alivyoharibika ndivyo walivyokuja. Siku moja alishikwa na usingizi akiwa amepiga magoti katikati ya sala. Walipoona haitikii amina wakadhani Roho amemshukia, wakaongeza wimbo.

"Si uwaambie wakuache ulale?" nilimwuliza.

"Mideva, utawaambiaje watu wa Mungu watoke kwako? Wataniona aje?"

Ukweli ni kwamba hata mimi ningeshindwa. Kwa hivyo nikatafuta kufuli. Asubuhi Winny akishaenda shule, namfungia Nasike kwa nje, kisha nashinda pale karibu nikiuza mboga zangu, ufunguo uko mfukoni. Wageni wakija nawaambia ametoka. Sikuona haya hata kidogo.

Wiki ile ya wakaguzi, nilienda sokoni mara moja kuongeza nyanya, na hapo ndipo Roseline alipokuja, peke yake. Alibisha, akaona kufuli, akaketi mlangoni. Nasike alifumbua macho. Akamsikia Roseline akimpigia dada yake simu.

"Wamesema ni kansa. Ya titi. Hapana, sijaambia mtu. Nimekuja kwa Mama Winny, huyu anajua kuugua ni nini, lakini sijampata."

Kisha simu ikakatwa, Roseline akalia. Alilia polepole, mtu asimsikie, na Nasike yuko pale nyuma ya mbao za mlango tu, akimsikia kila pumzi.

Nasike aliniambia jioni, akichambua mchele. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya mkaa.

"Sikuitika. Wangejua nafungiwa, na wangerudi wote. Nilingoja nione uchungu, Mideva. Haukuja. Nikageukia ukuta, nikalala."

"Ulilala na yeye analia?"

"Vizuri sana. Hata sikuota."

Nilimkasirikia, kisha nikatazama mikono yake juu ya sinia. Jeraha lilikuwa limefunga. Vidole vilikuwa laini, na mdomoni ukurutu ulikuwa umebaki kivuli tu.

Wakaguzi walikuja, wakamgeuza mikono juu na chini, wakapita. Phares akamwambia arudi kwenye mikate. Nasike hakufurahi wala hakulia. Alivaa glavu, akaendelea na kazi.

Jumapili Roseline alimsimamisha mbele ya kanisa zima, akamshika mashavu yote mawili.

"Mwoneni," alisema. "Tuliomba, na uso umerudi."

Watu wakapiga makofi. Kwa karibu nilimwona Roseline mwenyewe: macho yamevimba, ngozi imepauka, midomo imekauka na kupasuka. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nasike alimtazama kwa utulivu, akasema amina.

Tulitembea kurudi nyumbani mpaka karibu na mlango wake.

"Utaenda kumwona?" nilimwuliza.

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nikishalala."