Pua ya Dada

Mtaa mzima ulimwita Mama Umande, ingawa kati ya watoto wake watatu hakuna hata mmoja mwenye jina hilo. Umande yalikuwa manukato aliyoyatunga akiwa bado msichana, yakapendwa hadi miji ya mbali. Tangu hapo, kila alichochanganya kiliishia rafuni. Watu walimsifu kwa namna iliyomchoma: "Huyu mama alitengeneza kitu kimoja tu, lakini kitu kweli!"

Aliyeamua kipi kiende dukani alikuwa dada yake mkubwa. Marehemu mama yao ndivyo alivyowaachia kazi: mdogo achanganye, mkubwa anuse na kuuza. Kila mara dada alichukua karatasi iliyochovywa manukato, akafumba macho, akanusa, akatikisa kichwa. "Si kama Umande, mdogo wangu." Basi, limekwisha.

Asubuhi ile walikuwa wamegombana. Mama Umande alileta manukato mapya, kazi ya miaka, na dada akatikisa kichwa hata kabla karatasi haijakauka.

"Hata hujanusa vizuri!"

"Nimenusa. Unataka nikudanganye?"

Mama Umande akabamiza mlango, akaenda uani kusuuza chupa huku machozi yakimlenga. Alipotulia akarudi. Hajafika hata katikati ya ukumbi, pua ikamshtua. Spiriti. Si ile harufu nyepesi ya kila siku. Hii ilikuwa nzito, ikimkwaruza koo na kumwasha macho. Akatupa jicho stoo. Koki ya pipa la spiriti ilikuwa imelegea, na spiriti imetiririka chini ya mlango hadi kwenye chumba cha kufungia chupa.

Humo ndani dada yake alikuwa ameinama mbele ya jiko la mafuta la kuyeyushia nta ya kuzibia chupa, kiberiti mkononi. Kandambili zake zilikuwa zimelowa.

"Dada, usiwashe."

"Tumeshaongea. Niache nifanye kazi."

"Weka kiberiti chini. Tafadhali."

"Wewe ukinuna, kazi isimame?" Dada akatoa njiti, wala hakugeuka.

Mama Umande alidhani dada naye ameinusa, anafanya ukaidi tu. Akamwona dada yake akivuta pumzi ndefu, ya hasira, katikati ya harufu ambayo hata mpita njia angeikimbia, na uso wake usibadilike hata kidogo.

Alimrukia, akaukamata ule mkono kwa mikono yake yote miwili, wakaanguka pamoja. Njiti zikamwagika sakafuni, zikalowa.

"Una wazimu wewe?"

"Dada, umekanyaga nini?"

Dada akatazama miguu yake. Akagusa sakafu, akapeleka vidole puani. Akanusa, akanusa tena. Mwishowe akavigusisha ulimi, na hapo ndipo alipojua ni spiriti.

Wakakokotana hadi uani, milango na madirisha wakayaacha wazi.

"Tangu lini?" Mama Umande aliuliza.

"Tangu ile homa."

Ile homa ilikuwa ya zamani, hata mtoto wa kwanza wa Mama Umande hajazaliwa.

"Na manukato yangu yote yale?"

"Ningefanyaje? Nikikubali kitu kibovu, jina la mama linachafuka. Nikikataa, haumii mtu."

"Na mimi?"

Mama Umande alitamani kumzaba kibao, tena cha nguvu, lakini alijikuta hajauachia ule mkono.

Siku chache baadaye akateremsha chupa zote zilizokataliwa, akazipanga dukani, wateja wanuse wenyewe. Alisimama nyuma ya kaunta kama mtu anayesubiri hukumu. Bibi mmoja alisema ya kwanza yananuka dawa ya kikohozi. Mawili yakapata wanunuzi. Wengi walinusa, wakashukuru, wakaomba Umande kama kawaida.

Hilo halikumkosesha usingizi. Kilichomkaba ni dada, aliyekuwa akiuza bila kumtazama usoni. Hadi mchana mmoja, duka likiwa tupu, dada alipofungua chupa ya yale mapya ya siku ya ugomvi, akaisogeza mbele ya Mama Umande.

"Haya," alisema polepole. "Nieleze yanavyonukia."