Kutafuta Mtaa Unaosikia Yowe

Watu wengine wakitafuta mtaa wa kuhamia wanauliza kama maji yapo, kama umeme upo, shule iko wapi. Mimi nilikuwa nauliza kitu kimoja tu: mtu akilia hapa, mnatoka?

Sababu ni hii. Tulikuwa tumepanga chumba Kilosa mjini. Mtaa siutaji, watu wake bado wapo hai na tunakutana sokoni. Mimi nilikuwa nakaanga chipsi stendi. Siku moja mchana, mvua inapiga bati mpaka unadhani mbinguni wanamwaga kokoto, wakaingia vijana wawili na panga. Mke wangu alikuwa anapika, mtoto yuko mgongoni. Mke wangu ni mtu wa Mamboya, wa milimani, kanisa na darasa la saba, mpole kuliko maji ya mtungi. Siku hiyo upole ulimwagika. Wa kwanza, mke wangu alimrushia sufuria nzima ya mafuta ya moto, na yule kijana alitoka mle ndani uso umemenyeka kama nyanya iliyochemshwa. Wa pili akampiga mke wangu panga, mkono ukafunguka kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Wakabeba televisheni wakaondoka wanatembea. Wanatembea, sikiliza, hata kukimbia hawakukimbia.

Na mke wangu alipiga yowe. Huyu ana sauti ya kwaya, akiimba Mamboya kuku wa kwetu Masanze wanaamka. Nyumba ile ilijaa wapangaji chumba hadi chumba, na mvua hiyo wote walikuwa ndani. Hakutoka hata mmoja. Jirani wa ukuta mmoja aliongeza sauti ya redio.

Mimi nimezaliwa Masanze, shambani. Kwetu yowe ni amri. Likipigwa, unatoka kama ulivyo. Baba yangu mdogo aliwahi kutoka na povu la sabuni mwili mzima, mwizi alivyomwona akadhani ni jini, akajikamatisha mwenyewe. Usipotoka, kesho unatozwa mbuzi, na watu wanakula huku wanakutazama. Kwa hiyo nilipofika hospitali nikamkuta mke wangu anashonwa, nikawa nauliza wale majirani walikuwa wapi, labda wamesafiri, labda wamekufa wote kwa pamoja.

Alipomaliza kushonwa ndipo akasema, taratibu kabisa:

"Baba fulani, mimi silali tena kwenye nyumba ambayo nikilia mtu anaongeza redio."

Akapanda kwao Mamboya na mtoto. Mama mkwe akaniletea maneno kwamba binti yake atashuka siku nitakayopata mtaa wenye watu, na nisipopata, milima ina nafasi ya kutosha. Hapo nikaelewa kwamba ndoa yangu imening'inia kwenye masikio ya majirani ambao bado sijawajua.

Nikahamia Mikumi na karai langu. Kwangu mimi Mikumi ilikuwa Dar es Salaam iliyopungukiwa bahari. Malori usiku na mchana, mabasi yanashusha watu wenye njaa kama nzige, chipsi zinaisha kabla viazi havijajua vimemenywa. Biashara haikunisumbua, mtaa ndio ulinisumbua. Kila nilipouliza watu kama wanatoka, kila mmoja alijisifu. Mwingine aliniambia kwao wanatoka kabla hujalia. Nikaona hapa maneno hayatoshi. Viazi huwezi kujua kama vimeiva kwa kuviuliza.

Nikaamua kwenda mwenyewe kupiga yowe, mtaa hadi mtaa, nione.

Nilianza na mtaa ulio karibu na barabara kuu, jioni watu wote wapo. Nikasimama katikati nikapiga yowe la Masanze, lile la tumboni. Dirisha moja likafunguliwa. Mzee mmoja akaniomba nisogee mbele kidogo kwa sababu mpira umefika penalti. Kesho yake nikaenda mtaa wa kuta na mageti. Huko walitoka mbwa tu, na sauti ya mtu nyuma ya geti ikaniuliza kama nina miadi. Mbwa mmoja alinipasua suruali na kipande cha nyama yangu, akala mbele yangu bila hata chumvi.

Mtaa wa tatu uko pembeni, unakoelekea hifadhini. Watu wa huko wanafyatua matofali, wanalima bustani, na tembo huwa wanakuja kuwavunjia ghala na migomba. Nilikwenda alasiri. Nikasimama chini ya mkorosho nikaita: "Mwiziiii!"

Sijamaliza hata hiyo i ya mwisho, milango ikapiga. Wallahi nilifurahi. Wametoka wanaume, wametoka wanawake, vijana wa matofali wametoka na matope yao. Na mimi nikafanya kama tunavyofanya Masanze. Kwetu mashamba yako mbalimbali, aliyepiga yowe hukimbia kuwafuata watu, mikono juu, awaonyeshe njia. Nikakimbia mikono juu.

Mjini anayekimbia ndiye mwizi. Hilo hakuna aliyeniambia.

Tofali la kwanza lilinipata kwenye taya, nikameza jino na bado silijui liliko. La pili begani. Nikaanguka, na nilipoanguka ndipo nikajua kwamba watu wana miguu mingi kuliko unavyowaona wakiwa wamesimama. Nilipigwa mpaka nikaanza kuhisi wanaopigwa ni wawili, mimi na mtu mwingine aliyelala ndani yangu. Damu imejaa machoni. Kila nikifungua mdomo nijieleze, ngumi inaingia inaziba. Nikasikia kijana mmoja anatumwa tairi, na mwanamke mmoja, kwa sauti ya kawaida tu kama anayetaka kuwasha jiko, akauliza nani ana kiberiti. Kijana akarudi na tairi la baiskeli. Hata pale nilipokuwa, nilijisikitikia: mtu mzima wa mwili wangu kuchomwa kwa tairi la baiskeli.

Mbele yangu akaja bibi mmoja mnene, amenyanyua mchi wa kutwangia kwa mikono miwili. Ule mchi ungeshuka, leo hii mngekuwa mnasoma kitu kingine. Mtu mzima amesimama mbele yangu, na mama yangu alinifundisha kitu kimoja kwa kiboko.

"Shikamoo, bibi."

Mchi ukasimama hewani. Nikamwona anahangaika. Hasira inamwambia ashushe, na shikamoo imeshatolewa, haiwezi kuachwa chini hivi hivi. Mdomo ukamtoka wenyewe.

"Marahaba." Halafu akatazama wenzake kama mtu aliyefanyiwa hila. "Jamani, huyu kanisalimia."

Vijana wakamwambia asogee. Hakusogea. Kwa kuwa hawakuacha kunipiga, alinikalia. Alinikalia mgongoni mzima mzima kama magunia mawili ya mahindi, na ubavu wangu uliovunjika siku ile haukuvunjwa na fimbo, uvunjaji ule ulikuwa wa kunihurumia. Alikaa pale juu na mchi wake, anayesogea anampiga nao gotini, mpaka mwenyekiti wa kitongoji akafika.

Nikaeleza. Nikaeleza nimelala, maneno yanatoka na damu, kwamba mimi siyo mwizi, natafuta chumba. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, na baada ya kucheka wengine wakataka kuanza upya, kwa sababu yowe la uongo nalo lina kipigo chake. Mwenyekiti akawakataza. Kuhusu chumba, bibi alisema anacho.

Mke wangu alishuka kutoka Mamboya akanikuta zahanati nimefungwa bendeji mpaka nafanana na mtoto mchanga. Nilijiandaa kuhurumiwa. Yeye akavuta kigoda.

"Walitoka wangapi?"

Nikamwambia Mikumi nzima, na tembo wawili nyuma.

"Sema kweli."

"Wote," nikasema. "Walitoka wote."

"Haraka?"

"Kabla sijamaliza kulia."

Akatazama kovu lake, halafu uso wangu, kama anayelinganisha vitambaa viwili sokoni. Akauliza kama wangeniua. Nikamjibu kweli tupu, mara moja katika maisha yangu: wangeniua, na wangerudi kufyatua matofali.

Siku ya kuhamia, mizigo ikiwa bado juu ya guta, hakuniruhusu nishushe kitu. Alimbeba mtoto, akanishika mkono, tukaanza kupita nyumba hadi nyumba. Kila mlango anasalimia, ananisukuma mbele, anawaambia wanitazame vizuri, huyu ni wake. Walionipiga wakanitazama. Mmoja alisema uso huo wanaujua, waliutengeneza wenyewe. Tukacheka. Ubavu ukaniuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule kijana wa tairi. Alitoka anajifuta matope mikononi, akamsalimia mke wangu, macho chini. Mke wangu hakucheka naye.

"Nikilia, utakuja?"

"Nitakuja, shemeji."

"Na ukifika, utauliza kwanza?"

Kijana akafikiri. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumpa swali hilo. Nilitamani aseme ndiyo, hata kwa uongo, uongo si dhambi kubwa, mimi mwenyewe naishi kwa uongo.

"Shemeji," akasema, "nikianza kuuliza nitachelewa."

Mke wangu alimwangalia. Kwa mbali bibi alikuwa anatwanga, mchi unapanda na kushuka. Mwisho akanigeukia, akamhamishia mtoto mkono usio na kovu.

"Kashushe mizigo," akaniambia. "Na kuanzia leo, katika mtaa huu, wewe usikimbie."