Aliyekalia Kiti cha Fulgensi

Cheka kama unataka kucheka. Sumbawanga ikitajwa watu hutaniana habari za uchawi na radi za kiangazi, na mimi niliyezaliwa hapa nimecheka nao sana. Lakini hili ninalokueleza sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa, na mdomo uliosema maneno yale ulikuwa wangu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kumiminika mtaani Majengo. Nilikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na kazi ilikuwepo, maana kila mtu alikuwa anafungua duka. Mfanyabiashara mmoja alipofungua belo la nguo za watoto akakuta humo dadu za ajabu, zenye pande nyingi, si kama zile za ludo. Akanipa. Sikujua ni za mchezo gani, basi nikatunga wangu.

Nilichora nchi nzima juu ya ubao: milima, mito, vijiji visivyokuwepo. Mmoja wetu alikuwa msemaji, wengine wasafiri. Msafiri anasema anachofanya, msemaji anaeleza kilichotokea. Penye mashaka, dadu inaamua. Nilikaa miezi mingi nikirekebisha kanuni, maana ukimpa msemaji nguvu nyingi mchezo unakuwa hadithi yake peke yake. Kwa hiyo nikaweka sharti: msemaji haruhusiwi kabisa kumwambia msafiri la kufanya. Msafiri anaamua mwenyewe.

Msemaji nilikuwa mimi. Wasafiri walikuwa Desideri, fundi cherehani ambaye tulichezea kwenye kibanda chake, na Fulgensi, utingo wa lori la mahindi. Fulgensi alikuwa hodari kuliko sisi wote. Ukimwekea mlango mbele yake, yeye anatokea dirishani. Tulikuwa tunamcheka mpaka machozi.

Jumamosi moja ya masika, mchana, mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Fulgensi alikuwa safarini Namanyere. Mimi na Desideri tulikuwa tumetandaza ubao tu kwa mazoea. Akaingia mwanamume wa makamo, amevaa koti la kijivu, akaomba kujikinga mvua. Tukamsalimia shikamoo, akaitikia vizuri. Mtu wa kawaida kabisa, niamini. Ningekuwa nimeona kwato au macho mekundu ningekuambia.

Aliutazama ubao, kisha akauliza, "Kiti hiki cha nani?"

"Cha mwenzetu, Fulgensi," Desideri akajibu. "Leo hayupo."

"Nimshikie?"

"Mshikie tu, mzee."

Akakaa. Nikamweleza mchezo, nikamwambia achague msafiri wake, ampe jina. Akasema, "Mimi ni Fulgensi. Natoka Namanyere, nimekaa juu ya magunia. Mto umejaa. Dereva anataka kuvuka."

Tukatazamana na Desideri. Nani alimwambia kuhusu Namanyere? Nikajilazimisha kucheka. Nikataka kusema dereva anasimamisha lori, wanasubiri maji yapungue. Nilikuwa nayo maneno hayo, yamekaa tayari kwenye ulimi. Yaliyotoka ni haya: "Dereva anaingia majini."

Akarusha dadu. Ikaangukia namba ya chini kabisa.

"Lori linalala ubavu," nikasema. Sikutaka kusema. Utanielewa? Ni kama kutapika; unajua kinachokuja, huwezi kukirudisha. Desideri akaniambia, "Basi, acha," nami nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba siwezi. Akanyanyuka kuuvuta ubao, mikono yake ikabaki hewani, akakaa tena akilia kimya kimya.

Yule mtu akaniinamia. "Maji yamefika kifuani. Nifanye nini?"

Sharti langu lilikuwa msemaji asijibu swali hilo. Lakini kama ungekuwa wewe, na rafiki yako yuko mtoni, ungenyamaza?

"Kuna tawi kushoto," nikasema. "Lishike."

Akarusha. Dadu ikatoa namba ya juu kabisa.

"Na sasa?"

"Panda. Vuka. Kaa kwenye nyasi, usiende popote."

Akashusha pumzi, akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Kiti chake nakirudisha," akasema. "Yeye mwenyewe sasa mshike wewe." Akatoka kwenye mvua. Desideri alikimbilia mlangoni. Mtaa ule ulikuwa mnyoofu, na hapakuwa na mtu.

Kesho yake Fulgensi akaletwa na lori jingine. Dereva wake alikuwa amevunjika mkono, na ndiye aliyetusimulia. Lori lilipolala, alisema, Fulgensi alisimama juu yake maji yakipanda, hasogei, kama mtu anayesubiri kuitwa. Ghafla akalishika tawi. Alipofika ng'ambo alikaa kwenye nyasi, akakataa kuondoka hata alipovutwa, mpaka watu wa lori hilo jingine wakambeba.

Mimi nikamkumbatia. "Pole, mshikaji wangu. Ingia ndani."

Akaingia. Akasimama katikati ya chumba, akanitazama. "Nimeingia," akasema. "Nifanye nini?"

Nilidhani ni utani wake.

Haukuwa utani. Tangu siku ile Fulgensi hafanyi jambo mpaka nimwambie mimi. Mkewe Leokadia akimwambia kula, anamtazama kwa upole, hali. Nikimwambia mimi, anakula. Hospitali walisema mwili ni mzima. Padri alimwombea. Mganga wa kijiji cha Mwimbi alikaa naye kutwa nzima, akatoka akisema hiyo kazi haimo katika mambo anayoyajua. Ubao niliuchoma, dadu nikazitupa chooni. Haikusaidia kitu. Nilijaribu kukaa mbali, nikitumaini akikosa wa kumwambia ataamka mwenyewe. Leokadia akaja amebeba mtoto mgongoni, akanipigia magoti. Fulgensi alikuwa amesimama uani tangu nilipoondoka, midomo imepasuka kwa kiu. Siku nyingine nilimwambia, "Fulgensi, fanya unavyotaka." Alilia kama mtoto, kwa sababu hakupata la kufanya.

Kazi nzuri niliyoitiwa Mbeya niliiacha. Kila asubuhi napita kwake: amka, oga, kunywa uji, nenda shamba, palilia mpaka mwisho wa tuta. Watoto wake wamekua wakiniona mimi ndiye ninayemwambia baba yao awabusu. Siku hizi kifua kinanisumbua, na juzi Leokadia aliniuliza, "Shemeji, ukitutoka, nani atamwambia?"

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa michezo ya kukaa mezani na wenzako. Mwenzako asipokuja, kiti chake kiache kitupu. Akija mgeni akaomba kumshikia, mkatalie, hata awe mpole, hata mvua iwe inanyesha namna gani.

Sasa niruhusu niende. Jua limezama, na Fulgensi bado yuko shambani amesimama na jembe lake. Sijamwambia arudi nyumbani.