Tokilupe Aliyeivua Redio Mapambo

Wanaosema Tokilupe Moala ana kiburi hawajakosea. Anacho, tena cha kutosha, na mimi niliyefanya naye kazi redioni miaka yote hii sitamwombea msamaha kwa hilo. Kisiwa chetu hapa katika visiwa vya Ha'apai kina redio moja, chumba cha mbao uani kwa shangazi yake, na umeme wake wote unatoka kwenye jua. Kila jioni Tokilupe husoma matangazo: nani kafariki, meli inafika lini, nani karuhusiwa kutoka hospitali ya Nuku'alofa, mji mkuu. Simu huku hushika pale inapotaka yenyewe. Redio ndiyo inayotufikia sote, hata walioko mashambani kisiwa cha pili.

Kompyuta ya redio ni kuukuu. Tokilupe aliiwekea mfumo wa Linux, ule wa bure, kisha akaichagulia sura nyepesi kuliko zote: skrini ya kijivu, mstari mmoja chini, orodha ya programu, basi. Inawaka upesi na haili betri. Wanaume waliokuwa wakinywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, nyumba ya jirani walikuwa wakichungulia dirishani.

"Toki, kompyuta yako imefiwa nini, mbona imenuna hivyo?"

"Imewaona nyinyi mmeamka sasa hivi, ndiyo maana."

Krismasi iliyopita alikuja Feleti, mtoto wa shangazi, kutoka ng'ambo, Auckland. Kijana mwema, mkono wazi. Akaibadilisha ile sura, zawadi kwa mama yake. Linux ileile, lakini sasa imevishwa: samaki wa rangi wanaogelea nyuma ya kila kitu, madirisha yanatikisika ukiyavuta, alama zinaruka ukizigusa. Shangazi Melenaite alikaa mbele ya skrini akalia kwa furaha. Tangu hapo kila mgeni aliyeshuka melini alipelekwa kuwaona samaki wa Feleti, na mchungaji akawaombea dua, samaki wasio na roho wala miiba.

Na kwetu dada wa baba ndiye mkubwa wa ukoo. Baba unaweza kumbembeleza, shangazi humbembelezi. Akitaka mkeka wako bora anauchukua, na akisema unaitikia ukiwa umekaa chini. Tokilupe akawaacha samaki palepale.

Betri haikujua heshima. Matangazo yakaanza kukatika kabla ya kwisha. Tulizima taa, tukazima feni, feni ya kompyuta yenyewe ikawa inavuma kama mtu mwenye pumu. Mara mbili Tokilupe alimweleza shangazi kwamba samaki wanakula umeme, na mara mbili akaambiwa aombe jua.

Jioni moja ya Machi redio ilizimika Tokilupe akiwa amebakiza tangazo moja. Dada wa mzee Lisiate wa kijijini kwetu alikuwa amefariki Tongatapu, kisiwa kikuu, na mashua ingewachukua wafiwa alfajiri. Lisiate alikuwa shambani kisiwa cha pili, redio yake sikioni; angelisikia angevuka kabla ya giza, lakini sisi hatukuweza kumfuata, maana ule mwamba wa baharini katikati ya visiwa hauvukwi usiku. Alipopata habari mashua ilikwisha ondoka. Dada yake alizikwa bila yeye. Alirudi kijijini akafunga kiunoni mkeka wa msiba, ule mbovu ambao kwetu mfiwa huuvaa badala ya mkeka wa heshima, akawa anakaa nje ya kanisa. Hakumlaumu mtu yeyote, na hilo ndilo lililomchoma Tokilupe.

Akaenda redioni, akawatoa samaki, akarudisha kijivu chake. Hakumwomba mtu ruhusa.

Shangazi aliingia kabla ya matangazo. Tokilupe akashuka kitini, akakaa sakafuni miguu imekunjwa upande, kichwa chini, kama inavyompasa mtoto wa kaka.

"Samaki wako wapi?"

"Nimewatoa, shangazi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Wee mtoto! Zawadi ya mwanangu unaimwaga kama maji ya kuoshea vyombo? Na wageni wa Jumamosi nitawaonyesha nini, huo upaukaji wako? Mtu haendi kanisani bila mkeka kiunoni!"

"Lisiate amevaa mkeka gani, shangazi?"

"Usinipeleke kwa Lisiate."

"Amevaa uliochanika mpaka unaburuta chini. Nani kamcheka? Mkeka wa msiba hauchaguliwi kwa uzuri, na redio hii ndiyo inayobeba misiba yetu."

"Unanifundisha mikeka, mimi?"

"Sikufundishi. Nakukatalia."

Nilitamani sakafu inimeze. Sijapata kumsikia mtu wa kisiwa hiki akimwambia shangazi yake neno hilo, tena kwa sauti ya upole, macho chini, miguu imekunjwa kama msichana wa kipaimara.

"Warudishe sasa hivi," shangazi alisema, "la sivyo Jumatatu nauchukua ufunguo wa chumba hiki."

"Jumatatu uchukue. Leo nina matangazo."

Akaomba radhi kupita mbele yake, akainuka, akakaa kitini. Shangazi kasimama, yeye kakaa juu! Akafungua kipaza sauti, akasoma matangazo yote mpaka la mwisho, na betri ikabaki. Kisha akaongeza ambalo halikuwa limeandikwa popote.

"Lisiate, siku ile tulisema jua lilikuwa fupi. Halikuwa jua. Tuliipamba redio, mapambo yakala umeme, na tangazo lako likabaki mkononi mwangu. Tumekukosea."

Kisiwa kizima kilisikia. Shangazi alitoka bila kufunga mlango.

Jumatatu hakuna aliyekuja kuchukua ufunguo, wala Jumatatu iliyofuata. Lakini shangazi hajamsemesha tena Tokilupe. Kwenye karamu ya mjukuu wake majina ya ukoo yaliitwa, la Tokilupe likarukwa, na watu wakaangalia sahani zao. Feleti alipiga simu kuuliza kama samaki wanaendelea vizuri. Tokilupe akamwambia ukweli, naye akacheka, akasema angeulizwa tu angewatoa mwenyewe.

Nilimuuliza kama inamuuma.

"Sana," alisema. "Lakini kununiwa na shangazi nitavumilia, hata mpaka kaburini. Lisiate akipita hapa ananisalimia vizuri tu kama zamani, ananiuliza habari za nyumbani. Hiyo ndiyo inayonishinda."