Kaa la Moto Kiganjani mwa Baba

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya kati huko Iringa, kichwa kimevimba kwa cheti changu cha ualimu. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mishipa ya fahamu. Nachora mtu ubaoni, kisha kwa chaki nyekundu napitisha mstari kutoka kidoleni, unapanda mkono, unaingia uti wa mgongo, unafika ubongoni. "Ukishika chungu cha moto," nawaambia wanafunzi, "kidole hakijui kitu. Kinapeleka habari tu. Ubongo ndio unaosema: moto huo, toa mkono!" Wanaitikia kwa pamoja kama kwaya ya Jumapili, nami najiona bingwa. Bingwa, mimi! Lo, ningeweza kucheka mpaka leo kama isingekuwa inauma.

Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi. Wakati wa mvua, mianzi michanga inapochipua, alikuwa anaikata ncha asubuhi, mchana na jioni, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili utomvu uendelee kudondoka. Kazi ile haitaki misuli, inataka ncha za vidole. Mgema anapapasa kwanza ndipo anakata, na akizidisha, mwanzi unakufa. Tulikula kwa vidole vile, na mimi nikasomeshwa kwa vidole vile.

Jioni wazee walikuja kwetu kunywa, na walikuwa na mchezo wao wa kipumbavu. Mtu akitaka kuwasha kiko haruhusiwi kutumia kijiti. Anachukua kaa la moto kwa mkono, analilaza kiganjani, anawasha bila haraka. Akilirusha mapema anachekwa mpaka mwisho wa msimu. Watu wazima, wenye wajukuu, wengine wazee wa kanisa!

Mwaka ule baba akaanza kuwashinda wote. Alikaa na kaa kiganjani huku anasimulia habari za mbuzi wake aliyepotea, mpaka tukasikia harufu ya ngozi inaungua. Hakupepesa jicho. "Huyu ndiye mwanamume!" wakapiga kelele. Jirani yetu mmoja, mpiga domo ambaye kaa dogo tu lilimtoa machozi, akasimama kumwamkia upya kwa salamu ya heshima ya Kihehe, "Kamwene!", kama vile baba ametawazwa. Kesho yake baba alionyesha malengelenge yake kwa kila aliyepita. Eti shujaa!

Mama peke yake hakufurahi. Aliniita kando, akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, mtu anaungua hivi hasikii, ni sawa kweli?"

"Mama, hayo ni mambo ya wanaume," nikamjibu. Nilijibu nikiwa bado na vumbi la chaki nyekundu mikononi.

Hata darasani niliulizwa. Mwanafunzi mmoja mdogo alinyoosha mkono: "Mwalimu, baba yako anashika moto na hatoi mkono. Habari yake inakwama wapi?" Darasa zima likacheka. Swali lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lilikuwa ubaoni nyuma yangu. Nikamwambia kwamba habari imefika, ila ubongo wa mtu shujaa unaishinda. Kisha nikaliandika jambo hilo ubaoni, wakalinakili kwenye madaftari. Upuuzi mtupu, kwa mwandiko mzuri.

Haukupita muda mrefu wanywaji wakaanza kunung'unika kuwa ulanzi una rangi ya damu. Baba alikuwa anajikata na kisu chake bila kujua. Mianzi ikafa mmoja baada ya mwingine kwa kukatwa mno. Kidole chake cha mwisho na kile kinachokifuata vikaanza kujikunja, havinyooki. Wazee walewale, walipokosa ulanzi, wakahamia kwa mgema mwingine. Yule mpiga domo ndiye aliyetangulia. Ndipo mama akaniambia, bila kunitazama, kwamba nisipompeleka baba hospitali ataondoka naye yeye mwenyewe kwa miguu.

Kulikuwa na hospitali ya misheni upande wa Mbeya iliyosifiwa kwa magonjwa ya ngozi na ukoma. Tulipanda lori. Pale Igawa tuliposhuka kunywa chai, baba alikikumbatia kikombe cha bati kilichokuwa kinafuka moshi, akawaangalia wasafiri kwa madaha. Utingo akampigia makofi. Nikatamani kumzaba kofi utingo yule, kumbe wa kuzabwa nilikuwa mimi.

Hospitalini alitupokea mganga msaidizi, kijana wa rika langu, mpole, asiye na maneno mengi. Alimketisha baba kwenye benchi, akamwomba afumbe macho na anyooshe mkono wa kulia, ule wa kisu.

"Mzee, nitakugusa. Kila ukisikia, sema ndiyo."

"Haya," baba akasema, kidevu juu. Alidhani ni mashindano.

Kijana akachukua unyoya wa kuku, akaupitisha kwenye kidole cha mwisho. Kimya. Akaupitisha kwenye kiganja, polepole. Kimya. Akaweka unyoya chini, akachukua pini. Akachoma kidole, akachoma kiganja, akachoma ukingo wa mkono mpaka karibu na kiwiko. Tone la damu likatoka, likateremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Baba alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, anasubiri.

Mstari wangu mwekundu wote ulikuwa pale mbele yangu, na hapakuwa na kitu kinachopita ndani yake.

"Mbona unanichelewesha, kijana?" baba akasema. Kisha akanigeuzia uso, macho bado ameyafumba. "Mwalimu, ameshaanza?"

Yule kijana akanitazama, pini mkononi, akaniachia nijibu.

"Bado, baba," nikasema. "Bado."